Tabora hadi Kigoma kwa Pikipiki, na Kurudi kwa Njia ya Kasulu: Mwongozo Kamili kwa Kikundi cha Marafiki

Mara ya kwanza tulipotoka Tabora kwenda Kigoma kwa pikipiki tulikuwa saba. Tuliofika Kigoma siku ileile tulikuwa watatu. Wawili walilala Kaliua kwa sababu ya cheni iliyokatika, na wawili walibaki Uvinza baada ya giza kuwakuta njiani, mmoja wao akiwa ameshavamia tuta asiloliona na kuanguka. Tunamshukuru Mungu, aliumia kiwiko tu.

Usiku ule, nikiwa nimelala chali na mgongo ukiniuma, nilirudia safari nzima kichwani. Hakuna aliyekwama kwa kuwa pikipiki yake ni ndogo au mwendo wake ni wa chini. Tuliondoka saa tatu badala ya alfajiri. Kila aliyetaka soda alisimama peke yake, wengine wakamsubiri. Cheni ile ilikuwa imelegea tangu Urambo na hakuna aliyeinama kuitazama. Tangu siku hiyo nimefanya safari hii mara kadhaa, na ninachokisema kwa yeyote anayenisikiliza ni kwamba safari ndefu hupotea kwenye vituo, haipotei kwenye mwendo. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo.

Anza na hesabu ya saa

Tabora hadi Kigoma kwa kupitia Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza ni kama kilomita 420. Ukitembea kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, unahitaji saa saba za kukaa kwenye kiti. Ukiongeza hadi 70, unahitaji saa sita, kwa hiyo umeokoa saa moja.

Sasa tazama vituo. Tuseme mnasimama mara sita. Mkitumia dakika 10 kila kituo, mmetumia saa moja. Mkitumia dakika 25, ambazo ndizo kikundi kisicho na utaratibu hutumia bila kujua, mmetumia saa mbili na nusu. Tofauti ni dakika 90. Yaani kupanga vituo vizuri kunawapa muda mwingi kuliko kuongeza mwendo, na hakumuui mtu.

Wenzetu wa Marekani wanaofanya safari za namna hii kama mchezo wanalifahamu hili vizuri. Kuna chama kinaitwa Iron Butt Association ambacho kinamtambua mtu aliyemaliza maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Ukigawanya, ni wastani wa kilomita 67 tu kwa saa, vituo vikiwemo. Ushahidi wao ni risiti za mafuta zenye saa na mahali. Sikushauri ujaribu kipimo hicho huku kwetu. Barabara zao kuu hazipiti katikati ya vijiji, hazina matuta wala makundi ya ng'ombe, na wao huendesha hata usiku. Chukua nidhamu yao ya risiti na saa, uache kilomita zao.

Chagua njia na majira

Ninayoipendekeza ni duara: Tabora, Kigoma, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Nzega, kisha Tabora. Duara zima linazidi kilomita 1,100. Siku ya kwanza ndiyo ya uvumilivu hasa, Tabora hadi Kigoma bila kulala njiani. Mnapumzika Kigoma siku nzima. Kurudi mnakugawa siku tatu: mnalala Kibondo, mnalala Kahama, siku ya tatu mnaingia nyumbani.

Mvua za kwetu huanza mwezi wa Novemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Nendeni kati ya Juni na Agosti. Septemba na Oktoba njia ni kavu, lakini joto la Tabora miezi hiyo linakausha mwili ndani ya koti kabla hujafika Kaliua, na moshi wa watu wanaochoma mashamba hutanda barabarani.

Ulizeni hali ya barabara wiki moja kabla, na muulize madereva wa malori, maana wao wamepita jana. Vipande vya Kazilambwa hadi Chagu na Malagarasi hadi Uvinza ndivyo vilivyochelewa kuwekewa lami kuliko vingine katika njia hii. Popote mtakapokuta kipande cha vumbi au matengenezo, shusheni mwendo kabla ya kuingia, simameni kidogo juu ya vikanyagio, legezeni mikono, na msishike breki ya mbele kwa nguvu. Kila mtu aachane na mwenzake mpaka vumbi la aliye mbele litulie. Mvumilivu hula mbivu, na kwenye vumbi mwenye haraka hula vumbi lenyewe.

Watu: wanne hadi sita, na kila mmoja na kazi yake

Mji wetu wa Tabora ulikuwa njiapanda ya misafara tangu karne ya 19. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miguu toka hapa hadi Ujiji na hadi pwani, mizigo begani, na mbele ya msafara alikuwepo kirangozi. Huyo ndiye aliyejua njia na mahali pa kupiga kambi. Sisi tumelirudisha jina hilo kikundini, na linafanya kazi vilevile.

Kirangozi yuko mbele. Anashika mwendo mliokubaliana na ndiye pekee anayeamua pa kusimama. Nyuma yake anakaa yule mwenye uzoefu mdogo au pikipiki yenye nguvu ndogo. Hili watu hulipinga sana, kila mwenye pikipiki dhaifu hupenda kujificha nyuma. Lakini akiwa nyuma atakuwa anafukuzia siku nzima, na kufukuzia ndiko kunakoangusha watu. Akiwa wa pili, kirangozi anamwona kwenye kioo na mwendo wa kikundi unakuwa mwendo wake.

Wa mwisho ni fundi, au mtu anayejua kushika spana. Anabeba vifaa, na hampiti mtu yeyote aliyesimama. Mtu wa nne ni kijumbe, kama kwenye upatu: anakusanya fedha mapema, analipia mafuta ya wote kwa mkupuo mmoja, anaandika. Tulipoanza kumtumia kijumbe tu, kituo cha mafuta kilishuka kutoka karibu nusu saa hadi dakika 12.

Zaidi ya sita, gawaneni makundi mawili yanayoachana kwa nusu saa. Barabarani mkae kwa kupishana, mmoja kulia mwa upande wenu, anayefuata kushoto, na kati ya mtu na mtu muda usiopungua sekunde mbili. Kwa mwendo wa 60 hizo ni zaidi ya mita 33. Kwenye kona na penye daraja jembamba mnarudi mstari mmoja. Kwenye njiapanda yoyote, kila mtu anamsubiri aliye nyuma yake hadi amwone.

Kabla ya kuondoka kubalianeni kwa maneno yanayosikika: hakuna pombe hadi pikipiki zimefungwa usiku, hakuna mashindano, na mtu mmoja akisema amechoka, wote wamechoka. Asiyekubali abaki. Ni afadhali marafiki wanuniane wiki mbili kuliko mmoja aumie.

Pikipiki: wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia

Hizi za cc 125 na 150 tunazozitumia kwa kazi za kila siku zinatosha kabisa. Kinachozishinda ni matunzo.

Badilisha oili siku chache kabla ya safari, kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kagua cheni na sproketi pamoja. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka kama ya papa, badilisha seti nzima, usibadilishe cheni peke yake. Cheni isikazwe kama waya wa gitaa, maana ukipanda na mzigo itakazika zaidi na kukatika. Iache icheze kama upana wa vidole viwili katikati, kisha uipime tena ukiwa umekaa juu yake. Tairi la nyuma lililoanza kuonyesha upara usiende nalo. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, ukikumbuka kwamba nyuma panataka zaidi ukiwa na mzigo. Gonga spoku moja moja kwa bisibisi, na inayolia kwa sauti ya chini kuliko wenzake imelegea. Kagua vitambaa vya breki, kebo za klachi na ekseleta, taa, indiketa na honi.

Kisha, na hapa wengi hukosea, endesha kilomita 200 baada ya matengenezo kabla ya safari yenyewe. Karakana huacha nati zisizokazwa. Niliwahi kutoka kwa fundi jioni na kuanza safari alfajiri, na nati ya ekseli ya nyuma ilikuwa inafunguka taratibu chini yangu. Tangu hapo sitoki kwa fundi kwenda safari moja kwa moja.

Mzigo wa fundi wa nyuma: tyubu mbili zinazoingia kwenye pikipiki zote (ndiyo sababu ni vizuri wote mkawa na ukubwa mmoja wa tairi), viraka na gundi, pampu ya mkono, vyuma vya kufungulia tairi, spana za 10, 12, 14 na 17, plaisi, plagi mbili, kiungo cha kuungia cheni, kebo ya klachi, fyuzi, waya wa kufungia na raba za tyubu kuukuu. Oili lita moja. Mnaweza kumaliza safari bila kugusa chochote humo, lakini kati ya Kaliua na Nguruka kuna mahali pa pori ambapo duka la vipuri halipo, uwe na fedha au usiwe nazo.

Karatasi

Leseni ya daraja A kwa pikipiki inayozidi cc 125, A1 kwa isiyozidi hapo. Bima hai, kadi ya pikipiki au nakala yake, na kitambulisho cha taifa. Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi, na vizuizi vya polisi na uhamiaji ni vya kawaida, hasa upande wa Kasulu na Kibondo. Wekeni vitambulisho mfuko wa juu wa koti, simameni wote pamoja, vueni kofia ngumu, salimieni kwanza. Mkifanya hivyo kizuizi ni dakika tatu.

Mwili nao hufanyiwa sevisi

Anza wiki sita kabla. Jumapili ya kwanza nendeni Sikonge na kurudi. Baada ya wiki mbili nendeni Urambo na kurudi, kama kilomita 180. Wiki mbili kabla ya safari nendeni Nzega na kurudi, kama 230, mkiwa na mizigo yote na kofia zilezile mtakazovaa. Safari hizi zinawaonyesha nani kiti kinamuumiza, nani mkono wake wa kulia unakufa ganzi, nani ana hasira akiwa na njaa. Ganzi ya mkono mara nyingi hutokana na kukamata ekseleta kama unakaba. Shika kama unavyoshika kifaranga. Kwa makalio, kitambaa kinene kilichokunjwa vizuri juu ya kiti kinasaidia kuliko godoro laini linalobonyea, na suruali yenye mshono mnene katikati iache nyumbani.

Vaa koti refu, glavu, viatu vinavyofunika kifundo na riflekta. Rangi nayo ina maana. Mapori ya Kaliua hadi Uvinza yana ndorobo, hao mbung'o, nao hufuata kitu kinachotembea na kupenda bluu na nyeusi. Nilivaa koti la bluu mwaka mmoja, na kila tukisimama porini walinijia mimi kwanza. Vaeni kaki au rangi iliyopauka, na vituo vyenu viwe vijijini. Vilevile msisimame chini ya miti yenye mizinga. Nyuki wa Tabora wametupa asali inayosifika, lakini hawapendi muungurumo wa injini.

Usiku wa kuamkia safari laleni saa tatu. Hakuna kikombe cha kahawa kinacholipa deni la usingizi.

Siku yenyewe

Kati ya Juni na Agosti jua la Tabora huchomoza kabla kidogo ya saa moja asubuhi. Mizigo ifungwe tangu jana, matangi yajazwe jana, uji unywewe saa 11:30. Piga picha ya mita ya kilomita ya kila pikipiki, na saa. Mwanga ukitosha kuona ng'ombe mweusi barabarani, ondokeni.

Urambo ni kituo cha kwanza, kama kilomita 90. Hapo ni maji, haja, na fundi anazunguka kushika kila cheni na kila nati ya gurudumu. Cheni inaweza kulegea hata saa ya kwanza, na ni dakika hizi ndizo tulizozikosa mwaka ule.

Kaliua mnajaza mafuta, hata kama tangi liko nusu. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita itataka lita 10 na nusu hadi Kigoma, na mzigo na upepo vinaongeza. Sheria yetu ni kwamba tangi halishuki chini ya nusu penye kituo cha mafuta. Petroli ya chupa ni ya dharura tu. Ukilazimika, iangalie juani kama ina maji chini, na uimimine kupitia kitambaa safi.

Baada ya Kaliua mashamba ya tumbaku yanapungua na pori linaanza, na mwili unaingia kwenye usingizi wa macho wazi. Hapa ndipo kirangozi anapaswa kusimamisha kikundi kila baada ya kilomita 60 hivi, hata kwa dakika tano, kijiji chochote. Dalili za uchovu zijue kwako na kwa mwenzako: hukumbuki kijiji ulichopita, unachelewa kubadili gia, unapiga miayo ndani ya kofia, pikipiki inasogea kulia taratibu bila wewe kuamua. Dawa yake ni moja. Simama, lala chini ya mti dakika 20, wengine wakikulinda. Soda za kuongeza nguvu zinakuamsha kwa saa moja kisha zinakuangusha mara mbili.

Nguruka mnakula. Wali kidogo na samaki, au ndizi na chai. Ugali mkubwa na nyama ya kuchoma saa saba mchana ni usingizi uliolipiwa. Kila mtu awe amekunywa si chini ya lita moja na nusu ya maji kufikia hapo, na mmoja wenu abebe pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya maji. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, kunywa zaidi kabla ya kupanda.

Mbele yenu ni mto Malagarasi na Daraja la Kikwete. Kabla halijajengwa, kuvuka hapa masika ilikuwa habari nyingine kabisa. Msisimame juu ya daraja kupiga picha, vukeni kwanza.

Kuanzia Uvinza, mji wa chumvi, mnaelekea magharibi na jua linawapiga usoni. Futeni vioo vya kofia hapo. Basi linalokuja mbele linaweza kujificha kabisa ndani ya mwanga ule, kwa hiyo taa ziwashwe na msipite gari lolote kama hamwoni mbali. Basi likiwapita, inameni kidogo na legezeni mikono, maana upepo wake hukuvuta kwanza kisha hukusukuma. Kwenye kila kijiji shukeni hadi 50 na mtafute matuta kwa macho. Mbuzi mmoja akivuka, subiri wa pili.

Mkiwa mmeondoka kwa wakati, mtaingia Kigoma kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Na jua la kule huzama karibu saa moja jioni, likichelewa kidogo kuliko la Tabora, kwa hiyo mna akiba. Kama saa kumi na mbili inawakuta mko Uvinza, laleni Uvinza. Hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa kufika kesho yake asubuhi.

Mtu akianguka

Kirangozi anasimamisha magari ya pande zote mbili, fundi anaweka riflekta au matawi mita 50 kila upande, na mmoja tu anamshughulikia aliyeanguka. Damu ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Kofia isivuliwe kwa nguvu kama anapumua vizuri, na asiinuliwe kama analalamikia shingo au mgongo. Namba ya dharura ni 112. Hospitali za rufaa za mikoa ni Kitete upande wa Tabora na Maweni upande wa Kigoma. Andikeni kwenye karatasi ndani ya kofia ya kila mmoja: jina, namba ya ndugu, dawa anazotumia.

Siku ya Kigoma, kisha kurudi

Siku ya mapumziko nendeni Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, mwisho wa njia ileile ya wapagazi. Kuleni mgebuka aliyeungwa kwa mawese. Jioni msafishe cheni kwa mafuta ya taa, mpake oili, na mkague spoku zote upya.

Kurudi kwa Kasulu ni kupanda. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Buha, yaani nchi ya Waha, ni ya vilima na ukungu wa asubuhi. Msiondoke kabla ukungu haujapungua, na kwenye miteremko tumieni gia ya chini badala ya kuning'inia kwenye breki. Kati ya Kasulu na Nyakanazi msiendeshe gizani hata kidogo. Watu wa njia hii wanakumbuka mabasi yakisindikizwa na askari, na hata bila hilo, pori ni refu na msaada uko mbali. Kutoka Nyakanazi mnaingia barabara ya malori ya Rwanda na Burundi. Hapo badilisheni tabia: kaeni karibu na ukingo wa barabara, tazameni vioo kila sekunde chache, na lori likitaka kupita lipisheni.

Siku ya mwisho, Kahama hadi Tabora kwa Nzega, ni fupi na ndiyo inayoumiza watu. Mtu anaanza kunusa nyumbani na mkono wa kulia unakuwa mzito. Kirangozi ashike mwendo uleule wa siku ya kwanza, na ashikilie vituo vilevile, hata wenzake wakinung'unika Nzega.

Mkifika, pigeni picha ya mita kwa mara ya mwisho. Kijumbe asome hesabu siku hiyohiyo kabla hamjatawanyika, agawe kilichobaki, na risiti zibaki kikundini. Kesho yake mwageni oili iliyotoka safari, na fundi aandike kila kilicholegea, kilichoisha na kilomita kilipoishia. Daftari hilo ndilo mtakalolifungua wiki sita kabla ya safari ijayo.